Mhariri wa Ridhaa na Kuzaliwa kwa Utanzu: Bunilizi ya Kisayansi kati ya Chicago, Masasi na Newala

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya mhariri wa ridhaa, yaani mtu anayehariri na kuchapisha jarida bila ujira, katika kuzaliwa kwa utanzu wa bunilizi ya kisayansi. Kielelezo kikuu ni maisha ya Raymond A. Palmer wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa The Comet, jarida dogo lililotoka mwaka 1930. Maisha hayo yanalinganishwa na kazi ya uhariri iliyowagusa watu wa Masasi na Newala mwishoni mwa karne ya 19, kupitia Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililochapishwa Kiungani, Unguja, na The Nyasa News, jarida la Chauncy Maples. Hoja ya makala ni kwamba jarida la ridhaa husimama juu ya makubaliano ya pande mbili, mhariri na wasomaji wake, na kwamba utanzu mpya hukua pale makubaliano hayo yanapodumu. Kiswahili hakikosi ubunifu wala malighafi ya bunilizi ya kisayansi. Kinachokosekana ni jarida dogo linalomgeuza msomaji kuwa mwandishi.

1.0 Utangulizi

Utanzu wa fasihi hauzaliwi siku kitabu chake cha kwanza kinapotoka mitamboni. Kitabu kimoja chaweza kukaa peke yake miaka mingi, kikasomwa, kikasifiwa, kisha kisipate mwenzake. Utanzu huzaliwa pale wasomaji wanapotambua kuwa kazi kadhaa ni za aina moja, wakaipa aina hiyo jina, wakabishana kuhusu mipaka yake, na baadhi yao wakashika kalamu kuandika kazi nyingine za kuzijibu zile za mwanzo. Kazi hiyo ya kutambua, kutaja na kujibu huhitaji mahali pa kufanyikia. Katika historia ya bunilizi ya kisayansi, mahali hapo palikuwa ukurasa wa barua wa jarida, na baadaye jarida zima lililotengenezwa na waandishi wa barua wenyewe.

Fasihi ya Kiswahili inazo kazi zinazokaribiana na bunilizi ya kisayansi. Shaaban Robert aliisawiri Kusadikika (1951) kuwa nchi inayoelea angani. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamrusha mhusika wake kwa chombo cha angani hadi ulimwengu mwingine, ambao jina lake lenyewe linamwambia msomaji kuwa wale ni sisi. K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) wamevunja mipaka ya mahali na wakati kwa namna ambayo msomaji wa bunilizi ya kisayansi asingeiona ngeni. Hata hivyo, wahakiki wameziweka kazi hizi zaidi chini ya dhihaka ya kisiasa, istiara au riwaya mpya. Hazijaunda safu inayojitambua. Kila moja imesimama peke yake kama mbuyu uwandani.

Swali linaloongoza makala hii ni kwa nini iwe hivyo. Jibu linatafutwa katika maisha ya mtu ambaye historia ya fasihi humsahau kwa urahisi: mhariri asiyelipwa. Eneo la kulinganishia ni Newala, mji ulio ukingoni mwa Uwanda wa Makonde ukilitazama bonde la Ruvuma, na Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi, kati ya vilima vyake vya mawe. Eneo hili, ambalo leo hutajwa zaidi kwa korosho, lilikuwa miongoni mwa maeneo ya bara yaliyounganishwa mapema na uandishi wa Kiswahili wa magazeti.

2.0 Dhana ya ridhaa

Katika Kiswahili cha Tanzania, neno ridhaa limepata matumizi maalumu katika michezo. Bondia wa ridhaa hutofautishwa na bondia wa kulipwa, na timu ya ridhaa ni ile ambayo wachezaji wake hawaishi kwa mshahara wa mpira. Matumizi hayo yametokana na maana ya msingi ya neno hili lenye asili ya Kiarabu: kukubali kwa moyo, kuwa radhi. Mtu wa ridhaa si mtu asiyejua kazi. Ni mtu anayeifanya kazi kwa sababu ameikubali, wala si kwa sababu ameajiriwa. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa lugha nyingi huchanganya kutolipwa na kutokuwa hodari. Kiswahili, kwa bahati njema, kimeteua neno linalotaja nia ya mtendaji badala ya upungufu wake.

Neno hilo lina upande wa pili pia. Ridhaa hutolewa na mtu kwa mtu. Mzazi hutoa ridhaa, mgonjwa hutoa ridhaa, bibi arusi huulizwa ridhaa yake. Kwa hiyo jarida la ridhaa, kama makala hii inavyoliita, si jarida la mhariri aliyekubali kufanya kazi bure tu. Ni jarida ambalo wasomaji nao wamekubali kuliamini, kuliandikia na kuliendeleza. Ridhaa ya upande mmoja hutoa matoleo mawili au matatu, kisha huishia hapo. Ridhaa ya pande mbili yaweza kuzaa utanzu.

Jina la utanzu wenyewe linahitaji ufafanuzi. Baadhi ya waandishi hutumia hadithi za kisayansi, wengine riwaya za kisayansi, na wengine bunilizi ya kisayansi. Hadithi za kisayansi ni jina linaloeleweka upesi, ila laweza kumpeleka msomaji kwenye masimulizi ya kufundishia sayansi shuleni. Riwaya huacha nje hadithi fupi, ambayo ndiyo iliyoukuza utanzu huu majaridani. Bunilizi hubeba kitenzi buni na hujumuisha urefu wowote. Kiambishi ki- katika kisayansi nacho kina kazi yake: kama ilivyo katika kitaalamu au kishairi, hutaja namna ya kutenda. Bunilizi ya kisayansi basi ni kubuni kwa namna ya sayansi, yaani kukisia jambo lisilokuwapo kisha kuyafuata matokeo yake kwa mantiki ya sababu na tokeo. Hapo ndipo inapoachana na hekaya, ambamo zulia huruka na hakuna anayeuliza linarukaje.

3.0 Kutoka barua hadi jarida: maisha ya Raymond Palmer

Mwezi Aprili 1926, Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani mwaka 1904, alianzisha Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza lililojitolea kwa bunilizi ya kisayansi peke yake. Jina alilolipendelea kwa utanzu huo lilikuwa neno moja aliloliunda kwa kuyabana maneno mawili, sayansi na bunilizi. Halikudumu vinywani mwa wasomaji. Jina lililodumu ni lile la maneno mawili, ambalo yeye mwenyewe alilieneza kuanzia 1929 baada ya kulipoteza jarida lake la kwanza kwa kufilisika. Tukio hili dogo linafundisha jambo ambalo wanaisimu wanalijua vyema: istilahi hupendekezwa na mmoja, lakini huthibitishwa na wengi.

Uamuzi wa Gernsback uliokuwa na matokeo makubwa zaidi ulihusu barua. Alizichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Kijana wa mji mmoja aliyedhani kuwa ni yeye peke yake anayependa hadithi hizo akagundua kuwa yupo mwenzake katika mji mwingine, na kwamba anaweza kumwandikia moja kwa moja bila kumpitia mhariri. Kutokana na barua hizo zikaundwa klabu za kuandikiana, na klabu moja, yenye makao Chicago, ikatoa mwezi Mei 1930 jarida lililoitwa The Comet. Hilo ndilo linalohesabiwa kwa kawaida kuwa jarida la kwanza la ridhaa la bunilizi ya kisayansi. Miongoni mwa waliolihariri alikuwa Raymond Palmer, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20.

Palmer alizaliwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mwaka 1910. Akiwa na umri wa miaka saba aligongwa na lori na kuvunjika uti wa mgongo. Alikua akiwa mfupi kuliko wenzake na mwenye kibyongo, na muda mrefu wa utoto wake aliupitisha kitandani akisoma. Kusoma kulimfanya aandike barua. Barua zikamfikisha kwenye klabu. Klabu ikamfikisha kwenye uhariri. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa katika jarida la kulipwa ilitoka mwaka uleule wa 1930.

Jarida la ridhaa la wakati huo lilikuwa kazi ya mikono. Mhariri alipiga taipu kwenye stensili, akaiweka kwenye mashine ya kudurufu, akazungusha mkono wa mashine ukurasa baada ya ukurasa, akapanga karatasi, akazibana pini na kuzipeleka posta. Kosa la taipu halikufutika kwa urahisi. Nakala zilikuwa chache, na gharama ya wino, karatasi na stempu ilitoka mfukoni mwa mhariri au katika michango ya wanachama. Malipo yake yalikuwa barua. Toleo lililopokewa kwa ukimya lilimvunja moyo mhariri kuliko toleo lililoshutumiwa.

Hata hivyo, majarida hayo duni kwa sura yalikuwa kitalu. Mwezi Januari 1933, mjini Cleveland, Jerry Siegel alitoa katika jarida lake la kudurufu hadithi kuhusu mtu mwenye nguvu zipitazo za binadamu, ikiwa na michoro ya rafiki yake Joe Shuster. Wazo hilo likageuzwa mara kadhaa hadi mwaka 1938 lilipotokea kama Superman. Ray Bradbury alitoa matoleo manne ya Futuria Fantasia kati ya 1939 na 1940, kabla jina lake halijajulikana. Mwezi Oktoba 1940, Louis Russell Chauvenet aliyaita majarida ya aina hii fanzini, kwa kuunganisha neno la shabiki na neno la jarida. Kumbuka kwamba jina lilikuja miaka kumi baada ya kitu chenyewe.

Palmer naye alivuka upande wa pili. Mwaka 1938 aliajiriwa kuhariri Amazing Stories, jarida lilelile lililokuwa limemfungulia mlango, na katika toleo la Machi 1939 alichapisha hadithi ya kwanza ya kulipwa ya Isaac Asimov. Kijana wa barua alikuwa sasa anafungua barua za vijana wengine. Kama maisha yake yangeishia hapo, yangekuwa simulizi la mafanikio tu.

Mwezi Machi 1945 alianza kuchapisha maandishi ya Richard Shaver, aliyedai kuwa chini ya ardhi mna mapango yenye viumbe waovu wanaowatesa binadamu kwa mashine za kale. Palmer hakuyatoa kama bunilizi. Aliyatangaza kuwa yana ukweli ndani yake. Mauzo yalipanda na barua zikamiminika, lakini mashabiki wa zamani, wale wa klabu na stensili, walikasirika. Kwao, utanzu ulikuwa na sharti moja: msomaji anaombwa akubali jambo kwa muda, huku pande zote zikijua kuwa ni la kubuni. Aliyeliuza kwa jina la ukweli alikuwa ameiondoa ridhaa yao bila kuwauliza. Palmer aliliacha jarida hilo mwishoni mwa muongo, akiwa tayari ameanzisha mwaka 1948, pamoja na Curtis Fuller, jarida la Fate lililohusu mambo ya ajabu yanayodaiwa kuwa ya kweli. Alifariki mwaka 1977. Sifa yake imebaki na nyuso mbili: mwanzilishi aliyetokana na wasomaji, na mhariri aliyewapoteza wasomaji hao.

4.0 Masasi, Newala na Kiungani

Mtu anayesoma habari za Chicago ya 1930 aweza kudhani kuwa mfumo huu wa barua, wasomaji-waandishi na mashine ya kuchapa ni zao la miji ya Marekani. Historia ya magazeti ya Kiswahili inaonyesha vingine. Miaka zaidi ya 40 kabla ya The Comet, mfumo unaofanana nao kwa muundo, ingawa si kwa maudhui, ulikwishaunganisha Unguja na vituo vya kusini.

Masasi ya kimisheni ilianzishwa mwaka 1876, Edward Steere alipotoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa na asili ya maeneo ya Ziwa Nyasa. Steere, mwandishi wa kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kilichotoka 1870, alijali sana uchapaji, na matbaa ya misheni Unguja ilikuwa nguzo ya kazi yake. Mwezi Septemba 1882 Masasi ilishambuliwa na Wamagwangwara, yaani Wangoni kama walivyojulikana huko, na shughuli nyingi zikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Vijana kutoka vituo hivi walipelekwa chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, na baadhi yao wakarudi bara wakiwa walimu.

Kutokana na chuo hicho kukatoka Msimulizi, mwezi Oktoba 1888, gazeti linalotajwa kuwa la kwanza la Kiswahili. Lilichapwa hapohapo chuoni kwa mikono ya wanafunzi. Lilibeba habari za chuo na habari za vituo vya bara, vikiwamo vile vya eneo la Ruvuma, zikiandikwa na watu waliokuwa huko. Wasomaji wake wakuu ndio waliokuwa waandishi wake: wanafunzi, na walimu waliokwishaondoka Kiungani. Mwalimu aliyekaa kijijini, mwendo wa siku kadhaa kutoka pwani, aliweza kusoma habari za mwenzake wa kituo kingine na kupeleka zake. Nyumbani alisema Kiyao, Kimakua au Kimakonde. Gazetini aliandika Kiswahili. Hivyo gazeti lilijenga umma wa wasomaji ambao hawakuunganishwa na kabila wala kijiji, bali na maandishi.

Kufanana na klabu ya Chicago ni kwa mambo matatu. Kwanza, walioandika hawakuwa wameajiriwa kuwa waandishi. Pili, mashine ilikuwa mikononi mwa kundi lilelile lililosoma. Tatu, barua ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa toleo. Tofauti nayo haifichiki: Msimulizi lilikuwa chini ya misheni, lilikuwa na makusudi ya kidini, na halikuwa na uhuru wa kuamua lolote bila wakubwa wake. Umbo la mawasiliano, hata hivyo, lilikuwa lilelile.

Kielelezo cha pili kinatokana na mtu aliyeishi sehemu zote mbili. Chauncy Maples, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1852, alifika Masasi katika miaka ya mwanzo ya kituo. Akiwa huko alikusanya maneno ya Kimakua yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1879. Baada ya shambulio la 1882 alifanya kazi Newala, kisha mwaka 1886 akahamia kisiwa cha Likoma, Ziwa Nyasa. Hapo, mwaka 1893, alianzisha na kuhariri The Nyasa News, jarida lililotoka mara nne kwa mwaka na kuchapwa kisiwani. Maples hakuwa mhariri kwa ajira. Alihariri kati ya ibada, safari na homa. Jarida lake, kwa kuwa liliandikwa kwa Kiingereza, liliwahudumia hasa Wazungu walioishi kandokando ya ziwa. Mwezi Septemba 1895, muda mfupi baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu, alizama ziwani chombo chake kilipopinduka. Uhai wa jarida nao uliishia mwaka huohuo.

Magazeti haya mawili yanapowekwa pamoja, tofauti yao inaeleza jambo. The Nyasa News lilikuwa na mhariri hodari na wasomaji wachache wa lugha ya mbali; lilitegemea pumzi ya mtu mmoja. Msimulizi lilitegemea mzunguko wa wasomaji-waandishi wa Kiswahili, na mwanafunzi mmoja alipoondoka, mwingine alishika nafasi yake. Uhodari wa mhariri hauwezi kuchukua nafasi ya ridhaa ya wasomaji.

5.0 Kwa nini bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili haijapata jarida lake

Tanzu nyingine za Kiswahili zilipata njia hiyo. Ushairi wa karne ya 20 ulilelewa kwa sehemu kubwa na Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza 1923. Washairi walijibizana katika kurasa zake, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliochapisha humo. Riwaya ya upelelezi ilianza na Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale (1960) yake ilimleta Bwana Msa kwa wasomaji; Abdulla mwenyewe alikuwa mhariri wa magazeti. Katika miaka ya 1970 na 1980 baadhi ya waandishi wa riwaya pendwa Tanzania waliamua kujichapishia. Ben Mtobwa alikuwa na Heko, na Hammie Rajab alikuwa na Busara. Mwandishi aliyekuwa pia mchapishaji alijua wasomaji wanataka nini, kwa kuwa waliomwandikia na waliomnunulia walikuwa ni walewale. Utanzu ukawa na umma wake.

Bunilizi ya kisayansi haikupata mtu wa namna hiyo. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni mawili. La kwanza hudai kuwa jamii zetu hazina mazoea ya sayansi, hivyo haziwezi kuwa na bunilizi yake. Dai hili linasahau kuwa wengi wa vijana wa klabu za 1930 hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wanafunzi na vibarua wenye maswali. La pili hudai kuwa Kiswahili hakina istilahi. Hapa sababu na tokeo vimebadilishana nafasi. Istilahi za utanzu hazitangulii utanzu, hukua nao. Neno fanzini lilichelewa miaka kumi, na jina la kwanza la Gernsback lilitupwa na wasomaji wenyewe. Lugha ambayo katika maisha ya watu wachache imetengeneza tarakilishi, setilaiti, mtandao na uviko haiwezi kusemwa kuwa imeshindwa kutaja mashine.

Sababu ya karibu zaidi ni ya kitaasisi. Mwandishi chipukizi wa Kiswahili anakabiliwa na milango miwili: mchapishaji wa vitabu, anayetazama kwanza soko la shule, na tuzo, ambayo huja mara moja kwa mwaka na kutaka muswada uliokamilika. Kati ya milango hiyo hakuna mahali pa kukosea hadharani kwa gharama ndogo. Hadithi fupi yenye dosari, ambayo katika jarida la ridhaa ingechapishwa, ikashutumiwa na wasomaji kumi na kuandikwa upya, huishia kwenye daftari. Jaribio la Jalada, jukwaa lililoanzia Nairobi, linaonyesha kuwa njia ipo. Mwaka 2015 lilitoa toleo kuhusu Afrika ya wakati ujao, ingawa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Mwaka 2016 lilichapisha hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigikuyu pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Kundi dogo la watu wenye nia liliweza kuzifikia lugha ambazo wachapishaji wakubwa huziogopa.

6.0 Malighafi ya kusini

Jarida la namna hiyo lingeanzishwa Masasi au Newala, lisingelazimika kuazima mandhari ya Chicago. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Sauti za watu wa uwandani zilichorwa kwenye nta na kusafirishwa Ulaya. Sauti ya mtu ikitengana na mwili wake na kubaki baada ya kifo chake ni jambo ambalo waandishi wa bunilizi ya kisayansi wamelirudia tena na tena, Newala lilitokea.

Kaskazini-magharibi ya Lindi, katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Mamia ya vibarua Waafrika walifanya uchimbaji huo na kuibeba mifupa hadi pwani. Mmoja wa mijusi hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Kati ya 1947 na 1951, serikali ya Uingereza iliendesha mpango wa karanga uliofika Nachingwea, jirani ya Masasi. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, reli na bandari ya Mtwara vikajengwa, na ardhi ikashinda mashine. Ndoto ya wakati ujao iliyopangwa na watu wa mbali, ikashindwa mbele ya macho ya wenyeji, ni kiini cha riwaya ambayo mwenyeji wa kusini anaweza kuiandika kwa mamlaka kuliko mwandishi wa London.

Kuna pia maji. Uwanda wa Makonde una mvua na ardhi yenye rutuba, lakini mchanga wake hunyonya maji. Kwa vizazi vingi watu waliteremka bondeni kuyachota na kupanda nayo vichwani. Mwandishi wa bunilizi ya kisayansi huanza na swali la namna hii: kijiji kingepangikaje kama maji yangekuwa yamehesabiwa tone kwa tone? Kwa wengine swali hilo ni la sayari nyingine. Kwa bibi wa Newala ni la asubuhi. Wala ubunifu wa viumbe visivyokuwapo si mgeni kwa Wamakonde, ambao mtindo wao wa uchongaji wa mashetani umekwishauonyesha ulimwengu miili isiyofuata kanuni za mwili.

Mahitaji ya vitendo nayo yamepungua. Stensili na stempu hazihitajiki tena. Simu ya mkononi huandika, huhariri na kusambaza. Katika eneo hili, Abasia ya Ndanda imekuwa na matbaa kwa miaka mingi, na Lupaso, wilayani Masasi, ndiko alikotoka Benjamin Mkapa, aliyehariri magazeti ya taifa katika miaka ya 1960 na 1970 kabla ya kuwa Rais. Kusini hakukosi kumbukumbu ya uhariri. Kisichoweza kupakuliwa kwenye simu ni ile saburi ya kusoma hadithi mbovu ya mtu usiyemjua na kumjibu kwa adabu kwa nini haijakaa sawa.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Raymond Palmer yana mafunzo mawili yanayokwenda pamoja. Sehemu ya kwanza inaonyesha jinsi msomaji asiye na cheo, mwenye mwili uliojeruhiwa na bila mtaji, alivyoweza kushiriki katika kuuzaa utanzu kwa barua na mashine ya kudurufu. Sehemu ya pili inaonyesha jinsi mhariri huyohuyo alivyoupoteza umma wake alipoacha kuutofautisha ubunifu na dai la ukweli. Onyo hilo lina uzito kwetu, ambako habari za majini na miujiza huuzwa kama ukweli kwa wepesi mkubwa. Mhariri wa bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili atapaswa kulilinda sharti la utanzu tangu toleo la kwanza: tunabuni, na wote tunajua kuwa tunabuni.

Msimulizi nalo linaondoa udhuru wa umbali. Kama walimu wa Masasi na Newala waliweza, mwaka 1888, kuingia katika mzunguko wa gazeti la Kiswahili lililochapwa Unguja na kufikishwa bara kwa mashua na kwa miguu, haielekei kuwa umbali ndio unaotuzuia leo. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu na vyuo vya ualimu zinaweza kulea majarida ya namna hii kwa kuyapa mambo mawili tu: orodha ya wasomaji walio tayari kuandika, na uhuru wa kukosea. Uhakiki nao utakuwa na kazi mpya, kwa kuwa Walenisi na Kusadikika zitasomwa kwa jicho jingine zitakapokuwa na warithi.

Mhariri wa kazi hiyo hatapata mshahara, na huenda historia isimtaje. Atakachohitaji ni wasomaji watakaomjibu.